Betri inasingiziwa: simu hazijai, chaji inakata usiku, mtandao unapotea, uanzie wapi kutafuta

Mwezi wa kumi nilipigiwa simu na mama mmoja wa huku vijiji vya Chamwino, ana kibanda cha kuchaji simu kwa sola na hapohapo ni wakala wa kuweka na kutoa pesa. Nimefika, nimemwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu afu akaenda moja kwa moja kwenye shida: "Betri ya pili hii inakufa, ya kwanza haikumaliza mwaka, nimeuza mbuzi watatu kununua hii." Kumbe betri yake ilikuwa nzima kabisa, tatizo lilikuwa klipu moja ya waya wa betri yenye kutu, kitu ambacho hata elfu mbili hakifiki.

Ndo maana naandika hapa. Ukizunguka vijijini kuanzia Bahi hadi Mpwapwa utakuta kila sola ikisumbua kinacholaumiwa ni betri, na kwa kuwa betri ndo kitu cha bei kuliko vyote kwenye mfumo, watu wanaumia. Mi nasema betri iwe ya mwisho kushtakiwa. Fuata umeme unavyotembea toka juani: paneli, waya, kontrola (kiboksi kinachosimamia chaji ya betri na kukata mizigo), betri, inveta (ya kupandisha umeme wa betri hadi volti 230) au soketi ya USB, kebo, simu, na mwisho mnara.

Vifaa vya kutafutia: multimita (mita ya kupimia volti na ampia) ya kawaida tu hizi za njano, futi kamba, kitambaa laini, brashi ya waya au msasa, na daftari. Usiache daftari, vipimo vya leo bila vya wiki iliyopita vinakwambia kidogo sana.

Na kabla hujafungua chochote, ukifungua unaanza kutoa mizigo (taa, simu), halafu paneli, mwisho betri. Ukirudisha ni kinyume chake, betri inaingia kwenye kontrola kwanza, paneli inafuata. Kontrola nyingi zimeungua kwa sababu mtu kachomoa betri jua likiwa kali paneli bado imeunganishwa.

"Saa nne asubuhi imeshajaa, saa mbili usiku imeshakata"

Hii ndo ilikuwa ya yule mama, na hii ndo inayodanganya mafundi wengi, maana dalili hii inaletwa na vitu viwili tofauti kabisa: betri iliyochoka kweli, au ukinzani kwenye waya kati ya kontrola na betri.

Sikiliza vizuri hapa. Kontrola haiioni betri yenyewe, inaona volti zilizopo kwenye skrubu zake. Kama waya ni mwembamba au klipu ina kutu, umeme ukipita pale unapoteza volti njiani. Kontrola inaona 14.4 inasema betri imejaa, inapunguza chaji, wakati kwenye betri yenyewe zimefika 13.3 tu. Usiku inageuka, betri ina 12.3 ambayo bado ina nguvu zaidi ya nusu, ila zikifika kwenye kontrola zimeshapungua, inaona 11.1 inakata mizigo kuilinda betri ambayo haina shida yoyote. Kwahiyo inajaa haraka na inaisha haraka, na mwenye mali anaona betri imekufa.

Kutofautisha ni dakika tano. Jua likiwa limewaka na chaji inaingia, pima volti kwenye skrubu za kontrola zinazoenda betri, afu hapohapo pima juu ya teminali za betri, yaani risasi yenyewe sio klipu. Tofauti ikiwa 0.1 au 0.2 hamna neno. Ikizidi 0.3 umeshampata mwizi wako, anza kupima kipande kwa kipande: skrubu hadi waya, waya hadi fyuzi, fyuzi hadi klipu, klipu hadi teminali. Pale volti zinapopotelea ndo pana ugonjwa. Kwa yule mama ilikuwa klipu ya chanya, ukungu wa kijani na nyeupe umeota ndani hauonekani mpaka uibanue.

Dawa yake: toa klipu zile za kubana kama za kuwashia gari, funga kichwa cha waya cha kukaza kwa boliti. Osha teminali kwa maji ya moto yenye magadi, haya haya ya kupikia mlenda, ila chunga yasiingie ndani ya betri kama ni ile ya kuongeza maji, hakikisha vifuniko vimekaza. Kausha, piga msasa, kaza, afu paka mafuta ya mgando juu. Waya wa kontrola hadi betri uwe mfupi, usizidi mita mbili, na unene milimita za mraba 6 kama unaweza, 4 kama mfuko haujakaa vizuri. Na weka fyuzi karibu kabisa na chanya ya betri. Betri ya ampia-saa 100 ikipigwa shoti inatoa moto wa kuunguza nyumba na haisubiri mtu aamke.

Kama tofauti hamna, kwenye betri nako ni 14.4 na saa nne kweli, basi sasa una haki ya kuishuku betri, ruka hadi huko chini.

Chaji haiingii kabisa, au inaingia kidogo

Anza na paneli, na anza kwa macho. Huku kwetu kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja mvua hamna, upepo wa mwezi wa saba na wa nane unabeba vumbi jekundu lote linaenda kukaa juu ya kioo. Paneli yangu ya wati 100 niliipima saa sita mchana kabla ya kufuta ikatoa ampia 3.9, nimeifuta, nimepima tena hapohapo, 5.2. Hiyo ni robo ya umeme ilikuwa imelala chini ya vumbi. Futa kila wiki kiangazi, asubuhi na mapema kioo kikiwa bado cha baridi, usimwage maji ya baridi saa saba mchana. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, yakikaukia pale yanaacha doa jeupe, kwahiyo ukishaosha futa mpaka ikauke. Usitumie mchanga wala stili waya.

Wengine wana nyumba za tembe, wanailaza paneli chali juu ya paa la udongo. Sababu yake naielewa, upepo hauibebi na mwizi haioni kirahisi, lakini inapata shida mbili. Moja, vumbi na kinyesi cha kuku havitelezi. Pili, inapata joto maana hewa haipiti chini, na paneli ikichemka volti zinashuka na umeme unaotoka unapungua, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Paneli iliyolala kwenye udongo mchana wa mwezi wa kumi inafika nyuzi 65 bila shida, hesabu mwenyewe, ni asilimia 16 hiyo. Inyanyue kwa mbao nne, acha nafasi ya kiganja chini, ielekeze kaskazini na uiinamishe kidogo tu nyuzi 10 hadi 15. Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwahiyo kuinamisha sana hakuna faida, hapo tunatafuta tu maji na vumbi viteleze.

Kivuli nacho. Tawi la mwembe, nguzo ya dishi, hata kamba ya nguo. Vipande vya paneli vimeungwa kwa mstari kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akizubaa wote wanasubiri. Kivuli cha upana wa mkono tu kinaweza kuua sehemu kubwa ya umeme.

Sasa pima. Chomoa paneli kwenye kontrola, jua la saa sita, paneli ya mfumo wa volti 12 isomeke kati ya 19 na 22. Ikiwa sifuri kuna waya umekatika au kiboksi cha nyuma kimeingia maji. Ikiwa imeshuka sana chini ya hapo, sehemu ya paneli haifanyi kazi, mara nyingi ni dayodi, vile vifaa vidogo vya ndani ya kiboksi vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Volti zikiwa nzuri geuza mita kwenye ampia, waya mwekundu uhamie tundu la 10A, gusisha ncha za mita kwenye chanya na hasi ya paneli moja usome. Wati 100 itoe ampia 5 hadi 6. Fanya hivi kwa paneli ndogo moja tu, na usijaribu kabisa kwenye betri, mita itakulipukia mkononi. Ukimaliza rudisha waya wa mita mahali pake kabla hujasahau.

Na hapa nina uchungu napo. Ikiwa paneli ni safi, haina kivuli, na bado inatoa nusu, chukua futi kamba. Jua la mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama asilimia 20, kwahiyo wati 100 inahitaji karibu nusu ya mita ya mraba, sentimita 100 kwa 50 au zaidi. Ukiuziwa kitu cha ukubwa huohuo karatasi ya nyuma imeandikwa 200W, umeuziwa karatasi. Nimeona mzee wa watu kauza mtama wa msimu mzima kununua paneli ya "wati 300" ambayo kwa vipimo haizidi 120. Nendeni dukani na futi kamba, kweli, haina aibu yoyote.

Kila kitu kizima, ila jioni haitoshi

Hapa hakuna kilichoharibika, ni hesabu. Paneli ya wati 100 huku kwetu siku nzuri inakupa kama wati-saa 400 zinazotumika, sio zaidi. Smatifoni moja ya betri ya mAh 4,000 mpaka ijae ukijumlisha kinachopotea njiani inakula kama wati-saa 20. Kitochi, ile simu ndogo ya batani, kinakula 5. Kwahiyo smatifoni 20 zimekumaliza paneli yote, taa hujawasha, redio hujawasha. Yule mama baada ya kurekebisha klipu nilimwambia anionyeshe daftari lake, siku ya mnada alikuwa anapokea simu 35. Hata angekuwa na betri tano isingesaidia, betri ni gunia tu, mahindi yanatoka shambani. Aliongeza paneli ya pili, betri akaiacha ileile.

Mwezi wa kwanza na wa pili mawingu yakitanda siku tatu mfululizo punguza idadi, pokea vitochi na simu za wenye shida, smatifoni za kuangalia video ziambie zirudi kesho. Sio ukatili, ukiikausha betri mara tatu nne hivi msimu mmoja unaitoa uhai.

Simu imeandika inachaji lakini asilimia haipandi

Karibu kila mara ni kebo. Kebo za miatano ndani zina nyuzi nyembamba kama unywele. Jaribu kebo nzuri unayoiamini kwenye tundu lilelile, ikipanda umemaliza. Isipopanda hesabu umechomeka simu ngapi kwenye adapta moja, ile iliyoandikwa 2A ikibeba simu nne kila moja inapata nusu ampia, na simu ambayo mwenyewe kaacha data imewaka na mwanga juu inakula hiyo nusu yote.

Nyingine, inveta. Watu wanatoa volti 12 kwenye betri, wanapandisha hadi 230, afu chaja inashusha tena hadi 5. Kila hatua inakula yake, na inveta yenyewe hata bila simu inakunywa umeme masaa yote imewashwa. Kama kazi yako ni simu tu, nunua adapta za kutoa 12 kwenda USB moja kwa moja, zile zinazotumika kwenye gari ila zenye ubora, inveta ibaki ya mashine ya kunyolea. Ukiona skrini ya mteja inarukaruka ukiigusa wakati inachaji, hiyo ni inveta au chaja chafu, badilisha tundu kabla hajasema umemharibia simu.

Inveta ikilia piiii mfululizo huku betri ina volti nzuri ikiwa imepumzika, rudi kule kwenye klipu na waya, ni ugonjwa uleule.

Kwa wenye umeme wa gridi uliokuja na REA (Wakala wa Nishati Vijijini), mwisho wa laini jioni volti zinashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu, chaja za simu hazina shida na hilo, soma mgongoni nyingi zimeandikwa 100-240V. Kinachoua chaja ni pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kwahiyo ukikatika chomoa zote, ukirudi subiri dakika tano. Radi zikianza mwezi wa kumi na mbili chomoa pia.

Haya, sasa betri yenyewe

Umeshafika hapa na huko nyuma kote pasafi. Acha betri ipumzike bila mzigo na bila chaji usiku mzima au masaa matatu angalau, pima alfajiri. Kwa betri za risasi 12.7 imejaa, 12.2 nusu, chini ya 11.9 imeisha. Kama jana ilichajiwa hadi 14.4 vizuri na leo bila mzigo wowote iko 12.1, haishiki. Ikikaa 10.5 hata uichaji vipi, chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa kwa shoti, hapo hamna tiba.

Ile ya kuongeza maji fungua uangalie, maji yafunike sahani kwa kidole kimoja hivi. Ongeza maji ya betri yale yaliyosafishwa, sio ya kisima, chumvi ya maji yetu itaimaliza. Na usiongeze asidi, wapo wanaoshauri hivyo wanakosea, kinachopungua kwa kuchemka ni maji. Betri ya gari nayo haifai kazi hii hata kama ni mpya, imetengenezwa kutoa nguvu kubwa sekunde chache kuwasha injini, ukiinyonya mpaka chini kila usiku miezi sita ni mingi.

Betri za lithiamu zinaanza kuingia hata Kondoa huku, ni nzuri, nyepesi, zinavumilia kutumika karibu zote. Ila vipimo nilivyotaja hapo juu havizihusu, hizo zinakaa 13.2 hivi karibu siku nzima afu zinaanguka ghafla. Ukipima ukakuta sifuri usiitupe, ndani ina saketi inayojifunga yenyewe ikikauka sana, ukiiwekea chaja inayofaa lithiamu mara nyingi inaamka. Na kontrola lazima uiseti kwenye lithiamu.

Tafadhali betri ya maji isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko la mkaa. Ikichaji inatoa gesi inayowaka.

Simu imejaa, mtandao hakuna

Hii mwenye kibanda hawezi kuitengeneza ila anaweza kuitambua, na kijiji kikiitambua kinaweza kudai vizuri. Mnara nao ni kama kibanda chako, una betri, kawaida za mfumo wa volti 48, una gridi au sola au jenereta ya dizeli.

Linganisha laini. Kampuni nyingi zinachangia mnara mmoja, kwahiyo zikipotea laini zote kwa dakika ileile, umeme wa mnara ndo wa kwanza kushukiwa. Ikipotea laini moja nyingine zipo, ni mitambo ya kampuni hiyo. Umeme wa gridi ukikatika saa kumi na mbili jioni na mtandao ukafa saa mbili au tatu usiku kila mara, betri za mnara zimechoka na jenereta haipo au haina mafuta. Mnara wa sola ukizimika usiku wa manane ukarudi jua likipanda, hivyohivyo. Na kuna ile vijiti vimejaa lakini simu haitoki na intaneti haifunguki, hapo mnara wenu unaweza kuwa mzima, umekatika mnara wa mbele unaoupokezea, minara ya vijijini inapokezana mawimbi na wa katikati ukizimika ulio nyuma yake haufiki popote.

Mtandao ukiwa dhaifu au haupo simu inatafuta kwa nguvu kubwa usiku kucha, betri inaisha. Ndo maana kesho yake foleni kibandani inakuwa ndefu. Waambie wateja wazime simu kabisa au waweke hali ya ndege mpaka mtandao urudi, na kama 4G inakuja na kutoka waiweke 2G, kupiga na miamala inafanya kazi.

Kudai kunataka maandishi. Andika siku saba: tarehe, saa umeme ulipokatika, saa mtandao ulipokufa, laini zipi, saa uliporudi. Kila mtu akipiga huduma kwa wateja kusema "mtandao unasumbua" haiandikwi popote pa maana, ila ukisoma saa na dakika fundi anajua abebe nini. Nakala ipitie kwa mtendaji wa kijiji iende halmashauri. Msimamizi wa mawasiliano ni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) wanapokea malalamiko, na minara mingi ya vijijini imejengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya 2006, kwahiyo mnara kuzimika kila usiku sio jambo la kuvumilia kimyakimya.

Wakati mnasubiri, kibandani iwekwe kitochi kimoja cha akiba, kimejaa, kimezimwa, kina laini mbili za kampuni tofauti, kinakaguliwa kila jumamosi. Tafuteni mchana kilima ambacho simu inashika mnara wa kijiji cha pili, mpaweke alama ya mawe. Mjamzito akishikwa usiku namba ya m-mama ya kuomba usafiri ni 115, ni bure, lakini inahitaji simu yenye chaji na mahali inaposhika. Kule kwa yule mama kitochi kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mtoto wake wa darasa la sita ndo anajua njia ya kilimani gizani.